Kiwanda cha mbao cha Yesler, Seattle: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali yanatoka kwa ndugu wanaokuja kututembelea huku Seattle, watoto wanaopewa kazi ya shule kuhusu historia ya mji, na watu wanaopita barabara ya Yesler asubuhi na jioni hawajui huyo Yesler alikuwa nani. Ukiwa na haraka soma sehemu ya kwanza tu inatosha. Yale yanayoleta ubishi nimeyaweka mwishoni.

## Mwanzo kabisa

Hicho kiwanda cha Yesler ni kipi?

Ni kiwanda cha kupasua mbao kilichoanza kazi mwishoni mwa Machi 1853, pale ambapo leo wanapaita Pioneer Square, katikati ya Seattle, jimbo la Washington huko Marekani. Mwenyewe alikuwa Henry Yesler. Kilikuwa kinaendeshwa na injini ya mvuke na ndo cha kwanza cha aina hiyo kwenye Puget Sound yote, yaani ule mkono mrefu wa bahari unaoingia ndani kaskazini magharibi ya Marekani.

Wakati kinaanza, Seattle haikuwa mji. Vilikuwa vibanda vichache vya magogo kwenye ukingo wa maji, nyuma yake msitu mnene hadi mlimani, na kuna watu walikuwa bado wanapaita Duwamps. Hata Washington yenyewe ilikuwa imemegwa kutoka Oregon tarehe 2 mwezi huohuo. Kwa hiyo ukisikia watu wanasema kiwanda ndo kilianzisha mji wala hawajazidisha sana.

Yesler alitokea wapi?

Alizaliwa 1810 Leitersburg, Maryland. Alikuwa seremala na fundi wa kujenga vinu, akaishi miaka mingi Massillon, Ohio, na mke wake Sarah. Mwaka 1851 akamwacha mke nyumbani akaenda magharibi kutafuta, akafanya kazi kwenye kiwanda cha mbao Portland, akashuka California kwenye dhahabu, dhahabu haikumtoa, akasikia kwa watu wa meli kwamba kule Puget Sound miti inafika hadi majini na hakuna mashine. Oktoba 1852 akatokea Seattle, umri umeshavuka 40, si kijana. Sarah alimfuata 1858, miaka saba baadaye, na hapo katikati yalitokea mambo, angalia swali la Susan na Julia huko chini.

Kwa nini mbao? Kwani wale walowezi wa kwanza hawakuwa wakulima?

Walikuwa na mashamba lakini hela ilikuwa kwenye miti. Kundi la Denny, ndo hao walowezi wa kwanza, lilishuka Alki, ng'ambo ya ghuba, tarehe 13 Novemba 1851, na kabla hata mwezi wa 12 haujaisha ikaingia meli inaitwa Leonesa kutoka San Francisco inatafuta nguzo za kujengea gati. Wakaikatia nguzo kwa shoka, wakalipwa. Hapo ndo wakajua biashara iko wapi.

San Francisco ya miaka ile ilikuwa inakula mbao kama haina akili. Watu wanamiminika kwa ajili ya dhahabu, nyumba zote ni mbao, na mji ukawa unaungua mara kwa mara kati ya 1849 na 1851, ukiungua unajengwa upya wiki hiyohiyo. Sasa mtu mwenye shoka anaweza kuuza nguzo na magogo ya kuchonga, basi. Mbao za kujengea nyumba zinataka msumeno, na msumeno wa watu wawili wa kuvuta juu chini, ule hata kwetu wapasuaji wameutumia sana, hauwezi kujaza meli.

Kilikuwa mtoni au baharini? Kila mtu ananiambia lake

Kilikuwa kwenye maji ya chumvi, ukingoni mwa ghuba ya Elliott, kaskazini kidogo ya pale mto Duwamish unapomwaga. Huo mto ndo ulikuwa njia ya kuingilia bara, na watu wa Duwamish wenyewe, wenyeji wa asili wa hapo, vijiji vyao vilifuata mto. Ila ukiangalia ramani ya leo utachanganyikiwa kwa sababu mto umenyooshwa, matope ya mdomoni yamefukiwa yakawa bandari na viwanda, na tawi lake lililokuwa linaitwa Black River lilikauka 1916 baada ya mfereji wa meli kushusha ziwa Washington karibu mita 3. Ule mdomo wa mto aliouona Yesler haupo tena.

## Mitambo na kazi yenyewe

Maji yapo kila kona, kwa nini atumie mvuke?

Hili ndo swali zuri kuliko yote na wengi hawaliulizi. Kiwanda cha maji hakitaki maji tu, kinataka maji yanayoanguka. Ndo maana kile cha kwanza kabisa Puget Sound kilijengwa 1847 Tumwater, kwenye maporomoko ya mto Deschutes, na kundi la Michael Simmons, kwa vyuma walivyovipata kwa kampuni ya Hudson's Bay kule Fort Vancouver. Kinafanya kazi vizuri lakini umefungwa pale kwenye maporomoko, na mto ukipungua kiangazi msumeno nao unapungua.

Yesler alichotaka ni sehemu ambayo meli kubwa inaweza kusogea hadi mlangoni na magogo yanashuka yenyewe kutoka mlimani. Seattle ilikuwa na vyote viwili, kina kirefu na mlima, ila haikuwa na maporomoko ya maana hapo ukingoni. Ukiwa na boila hilo sio tatizo lako, unaweka kiwanda pale biashara ilipo, mto ufanye unavyotaka. Kwangu mimi hii ndo siri yote ya kwa nini mji umekaa hapo ulipo na sio Tumwater au sehemu nyingine, maana Alki kwenyewe walikoshukia kwanza upepo ulikuwa unapiga na meli hazipati pa kutulia.

(Kwenye lile kundi la Simmons alikuwepo George Bush, mtu mweusi mwenye mali zake, na walienda kaskazini ya mto Columbia kwa sababu Oregon ilikuwa na sheria ya kuzuia watu weusi kukaa. Hii si habari ya Yesler lakini ukisimulia viwanda vya Puget Sound ukamruka Bush umesimulia nusu.)

Mitambo aliitoa wapi?

Boila na injini viliagizwa Ohio, kule kwao Massillon, vikaletwa kwa meli. Reli ya kuvuka Marekani haikuwepo na haikuwepo kwa miaka mingine 16. Hela alikopa huko huko Ohio kwa mtu anaitwa John McLain, na hilo deni likaja kumsumbua hadi mahakamani, tutafika. Wakati wanasubiri chuma, watu wa mji wakawa wanasaidia kusimamisha banda.

Boila ilikuwa inakula nini?

Ilikuwa inakula makombo yake yenyewe. Ukipasua gogo la duara ili utoe mbao za mraba, ubavuni yanatoka mabanzi, na msumeno wa enzi zile ulikuwa mnene kwa hiyo kila mkato unageuza mti mwingi kuwa vumbi. Hayo mabanzi na vumbi yanarudi kwenye moto, moto unachemsha maji, mvuke unasukuma injini, injini inazungusha msumeno, msumeno unatoa mabanzi mengine. Makaa ya mawe hayahitajiki. Na bado takataka zilikuwa nyingi kuliko boila ilivyoweza kumaliza, zilizobaki zikaenda kufukia ziwa (angalia swali la mji kukaa juu ya vumbi la mbao).

Maji ya boila ndo yalikuwa kazi, huwezi kuchemsha maji ya bahari ukategemea chuma kidumu. Mwaka 1854 Yesler akajenga mfereji wa mbao wenye umbo la V, umeinuliwa juu ya miti, unateremsha maji ya chemchemi kutoka mlimani. Watu wa mji nao wakaanza kuchota humo, na ndo unahesabiwa mfumo wa kwanza wa maji wa Seattle.

Magogo yalifikaje kiwandani?

Njia mbili. Ya kwanza ni majini, unakata mti karibu na ufukwe, unaangukia majini, unafungwa na wenzake unavutwa hadi kiwandani. Miti yenyewe ni ile mikubwa ya jamii ya msonobari wanaoiita Douglas, mingine inapita mita 60, pamoja na mierezi.

Ya pili ni barabara ya kuburuzia. Yesler alikuwa na ukanda wa ardhi kutoka ukingo wa maji hadi juu mlimani, akalaza magogo madogo kwa kukingama, moja baada ya jingine, yakapakwa mafuta ya samaki, alafu maksai wanaburuza gogo kubwa juu yake hadi chini. Hiyo ndo barabara ya Yesler ya leo, mwanzo iliitwa Mill Street. Mteremko ule ukiutembea kwa miguu kupanda utaelewa kwa nini kushusha gogo ilikuwa rahisi, mi goti huwa linanikumbusha.

Ni kweli "Skid Row", lile jina la mitaa ya walalahoi Marekani, limetokea hapo?

Barabara ya kuburuzia magogo ilikuwa inaitwa "skid road" na kambi nyingi za wakata miti zilikuwa nazo, sio hii peke yake, Vancouver ya Kanada nao wanadai ya kwao. Seattle kilichotokea ni kwamba miaka ilivyoenda mtaa wa chini ya barabara ukawa wa baa, nyumba za kulala kwa bei chee na watu wasio na kazi, jina likabaki na maana hiyo. Usibishane na mtu kwa hili, utapoteza siku.

Kilikuwa kinatoa mbao ngapi kwa siku?

Kiasi kinachotajwa ni futi za mbao 10,000 hadi 15,000 kwa siku kikiwa kinaenda vizuri. Futi moja ya mbao ni kipande cha futi moja kwa futi moja, unene inchi moja, kwa hiyo 10,000 ni kama mita za ujazo 23 na nusu. Mtu wa Mafinga mwenye mashine yake atacheka, ila weka pembeni ya watu wawili na msumeno wa kuvuta ndo utaona tofauti.

Kwa viwanda vya Puget Sound wala hakikuwa kikubwa. Mwaka huohuo 1853 Pope na Talbot walifungua chao Port Gamble, ng'ambo ya maji, kikakipita mbali na kikaendelea hadi 1995. Seattle ilikuwa na kiwanda kidogo lakini kiko katikati ya mji, Port Gamble kiwanda kikubwa na mji wa kampuni pembeni, na tofauti hiyo inaonekana hadi leo ukienda kote kuwili.

## Watu

Nani walikuwa wanafanya kazi?

Karibu kila mwanaume wa mji alipita pale kwa wakati fulani, na pamoja nao watu wa Duwamish na majirani zao, wengi tu. Hili vitabu vya zamani vya shule vilikuwa vinalipita mbio. Kiwanda hakingeenda bila wao, walikuwa wanakata, wanasogeza magogo majini, wanapanga mbao, wanapakia meli. Yesler alikuwa na sifa ya kuelewana nao na kuwalipa, na hapo mjini yeye ndo alikuwa mwajiri wa kwanza kutoa mshahara wa kueleweka kwa mtu yeyote, mzungu au mwenyeji.

Lakini usichukue hiyo ukaigeuza hadithi tamu. Mwaka 1865 baraza la mji likapitisha sheria ya kuwazuia wenyeji kuishi ndani ya Seattle isipokuwa wawe wameajiriwa na kupewa makazi na mzungu. Yaani mji umebeba jina la chifu wao, Si'ahl, kiwanda kimejengwa na mikono yao, alafu wanaambiwa waishi nje.

Ardhi ya kiwanda ilikuwa ya nani?

Kwenye makaratasi: sheria ya Marekani ya 1850 iliruhusu walowezi kudai ekari 320 mtu mmoja au 640 mke na mume kwa waliofika kabla ya Desemba 1850, na nusu ya hapo kwa waliofika baadaye. Yesler alipofika ukingo wote mzuri ulikuwa umeshadaiwa, Carson Boren upande mmoja na Doc Maynard upande wa pili. Walivyosikia jamaa anataka kuleta mashine ya mvuke wakasogeza mipaka yao, huyu kaskazini huyu kusini, wakampa ukanda mwembamba wa kufika majini. Hakulipia. Walijua thamani ya viwanja vyao itapanda na kweli ilipanda.

Nje ya makaratasi: hapo palikuwa kijiji cha Duwamish, Dzidzilalich, jina linalotafsiriwa kama mahali padogo pa kuvukia. Mkataba wa Point Elliott wa kuachia ardhi ulisainiwa tarehe 22 Januari 1855 na seneti ikauidhinisha 1859. Kiwanda kilishaanza 1853. Kwa hiyo watu waligawana na kuzawadiana ardhi ambayo hata kwa sheria yao wenyewe ilikuwa haijaachiwa na wenyewe. Na watu wa Duwamish mpaka leo serikali ya Marekani haijawatambua rasmi kama kabila, walitambuliwa Januari 2001 siku za mwisho za Clinton, utawala uliofuata ukafuta.

Lile jiko la Yesler ni nini, mbona linatajwa sana?

Lilikuwa banda la magogo la kama futi 25 kwa 25 karibu na kiwanda, la kuwapikia wafanyakazi. Kwa kuwa mji haukuwa na jengo lingine la kuingiza watu wengi, kila kitu kikafanyikia humo: ibada, kesi, mikutano, kura, wageni kulala, askari wakija wanakaa humo. Mtu anahukumiwa mahali alipokula maharage mchana. Lilibomolewa 1866 na wazee wa mji walisikitika kuliko walivyosikitikia kiwanda chenyewe.

Susan na Julia ni nani?

Kabla Sarah hajaja, Yesler aliishi na Susan, mwanamke wa Duwamish, binti wa mzee mmoja mkubwa waliyekuwa wanamwita Curley. Walizaa binti, Julia, 1855. Sarah alipofika 1858 huyo mtoto akalelewa kwingine na kwa muda mrefu historia ya mji ikawa inamzungumzia Yesler kama mtu asiye na mtoto.

Hii sio umbea tu. Curley ndo alileta habari kabla ya mapigano ya 1856, soma swali linalofuata.

Vita vya 1856 vilikiathiri vipi kiwanda?

Tarehe 26 Januari 1856 wapiganaji wa makabila kadhaa waliokuwa wamechoshwa na ile mikataba walishambulia Seattle. Yesler alishapata taarifa kupitia kwa Curley, akapeleka kwa manowari ya Marekani, Decatur, iliyokuwa imetia nanga ghubani, na asubuhi mizinga yake ikaanza kupiga msituni. Mapigano yalikuwa ya siku moja, walowezi wawili walikufa, upande wa pili idadi haijulikani vizuri. Kiwanda kilibaki ila watu wengi walihama, nyumba za pembeni zilichomwa, na biashara ilikaa miaka kadhaa ndo ikasimama tena.

Kulikuwa na watu weusi Seattle ya wakati ule?

Walikuwepo tangu mwanzo. Manuel Lopes, aliyezaliwa Afrika akauzwa utumwani akiwa mtoto, alifika 1852, mwaka uleule wa Yesler, akafungua kinyozi na mgahawa. Kiti chake cha kinyozi kilizunguka Amerika ya Kusini yote kwa meli ndo kikafika.

Baadaye akaja William Grose, mwenye hoteli, na huyu ana uhusiano wa moja kwa moja na Yesler kwa sababu 1882 alinunua kwake ekari 12 maeneo ya East Madison. Familia nyingine nyeusi zikajenga jirani na ndo mwanzo mmojawapo wa mtaa wa watu weusi wa Seattle, Central District, ambako leo ukitembea utasikia Kiamhari, Kitigrinya, Kisomali na mara mojamoja Kiswahili.

## Maswali yenye ubishi

Kwa hiyo Yesler alikuwa mfanyabiashara hodari?

Kwenye mbao, hapana, wala sio sana. Ardhi ndo ilimtajirisha. Kiwanda kilikuwa kinasimama mara kwa mara, madeni yakawa mengi, na hilo la McLain likamfuata miaka. Mwaka 1876 akaja na mpango wa bahati nasibu, tiketi dola 5, zawadi kubwa ndo kiwanda chenyewe na gati lake. Watu walinunua, mahakama ikasimamisha, akatozwa faini ndogo. Fikiria mtu anachezesha bahati nasibu ya kiwanda kilichoanzisha mji!

Ila huku nyuma ule ukanda aliopewa bure ulikuwa umeshakuwa katikati ya mji unaokua, na akawa kati ya matajiri wakubwa wa Seattle. Miaka ya 1880 akajenga kasri la vyumba 40 kwenye kona ya Third na James. Alivyofariki Desemba 1892 ikaanza vurugu ya wosia, maana alikuwa ameoa tena msichana mdogo wa ukoo wake, na wosia ukasemekana haupo.

Mbona kuna watu hawataki asifiwe?

Alikuwa meya mara mbili, na mambo mawili ya miaka ya 1880 yanamfuata. Januari 1882 kundi la watu liliwatoa watu watatu mikononi mwa sheria likawanyonga kwenye miti mbele ya nyumba yake, naye alikuwepo anaangalia na hakuficha kwamba anakubaliana nao. Alafu Februari 1886, akiwa meya, umati uliwatoa Wachina majumbani kwao ukawaswaga hadi gatini wapandishwe meli. Wachina hao wengi walikuwa wamejenga reli na barabara za mji huo. Sisemi aliongoza umati, ila meya ndo alikuwa yeye.

Mi naona unaweza kueleza kiwanda vizuri bila kumvika mwenyewe taji. Injini ilikuwa nzuri, mtu alikuwa mtu.

Kweli kilikuwa cha kwanza?

Cha mvuke Puget Sound, ndiyo. Cha mbao kwa ujumla, hapana, Tumwater walitangulia kwa maji (nimeeleza kwenye swali la mvuke). Cha mvuke pwani yote ya magharibi pia hapana, Portland na California walishakuwa navyo, na yeye mwenyewe alifanya kazi Portland kabla ya kuja.

Ni kweli mji umekaa juu ya vumbi la mbao?

Sehemu yake ndiyo. Pioneer Square ya zamani ilikuwa kirasi kidogo cha nchi kavu, nyuma yake kidimbwi cha maji ya chumvi na matope. Kiwanda kilikuwa na vumbi na mabanzi ya kutupa kila siku, kikatupa humo. Watu wengine wakaongeza udongo, takataka na mchanga uliokuwa unawekwa kwenye meli ili ziwe nzito zisiyumbe. Baada ya miaka ikawa viwanja vya kuuza.

Tatizo ni kwamba vitu hivyo vinaoza na vinashuka. Na Seattle ni nchi ya matetemeko. Lile la tarehe 28 Februari 2001, ukubwa 6.8, lilipiga majengo ya matofali ya Pioneer Square vibaya, kwa sababu udongo wa kujaziwa ulioloa ukitikiswa unalainika kama uji. Ukiona jengo la pale limefungwa vyuma ukutani ujue ndo sababu.

Moto mkubwa wa 1889 ulianzia kiwandani?

Hapana, wengi wanadhani hivyo. Ulianzia kwenye karakana ya maseremala tarehe 6 Juni 1889, gundi ilichemka ikashika moto, maranda yakadaka. Ulikula karibu mji wote wa biashara pamoja na magati, la Yesler likiwemo. Majengo ya mbao, njia za miguu za mbao, hata mabomba mengine ya maji yalikuwa magogo yaliyotobolewa katikati, kwa hiyo presha ikakosekana.

Baada ya hapo ikawa lazima kujenga kwa matofali na mawe, na barabara zikainuliwa, ndo maana kuna maduka ya zamani yako chini ya ardhi na watalii wanalipa kwenda kuyaona. Upasuaji wa mbao wa Yesler wenyewe ulishahamishiwa Union Bay kwenye ziwa Washington 1888, kukawa na kijiji kinaitwa Yesler huko, leo ni eneo la chuo kikuu cha Washington wanapofundisha bustani.

Kuna chochote cha kuona leo?

Mashine hakuna, banda hakuna. Ila nenda kona ya First Avenue na Yesler Way. Jengo kubwa la matofali mekundu na mawe, Pioneer Building, limekaa pale ilipokuwa nyumba yake ya kwanza, kiwanda kilikuwa upande wa maji. Kisha angalia mitaa inavyojipinda ikifika Yesler Way: Maynard alipima viwanja vyake kwa dira, Denny na Boren wakapima kwa kufuata ufukwe, Mei 1853, hakuna aliyekubali kumfuata mwenzake, na ukanda wa kiwanda ukawa ndo mshono. Lile kasri lake liligeuzwa maktaba ya mji 1899 likaungua mwanzoni mwa Januari 1901, vitabu vingi vikateketea, sasa hivi pale ni mahakama ya kaunti.

Na Yesler Terrace inahusikaje?

Ni nyumba za serikali juu ya kilima, zilianza kukaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1940 na zilisifika kwa kuchanganya watu wa rangi zote tangu mwanzo, kitu ambacho nyumba za namna hiyo Marekani zilikuwa hazifanyi. Familia nyingi za Afrika Mashariki zimepita hapo. Jina limetokana na barabara, na barabara ndo ile ya kuburuzia magogo. Siku hizi nyumba za zamani zimebomolewa na maghorofa yamejengwa, kwa hiyo ukija na anwani ya miaka ya nyuma ya shangazi yako uliza kwanza kabla hujateremka kwenye basi.